Jiko la Ndani ya Kofia

Hakuna kitu chenye waya kinachoweza kunitoa jasho mimi. Hilo lieleweke mapema, kabla watu wa Karatu hawajakusimulia ya kwao. Naitwa Obed. Kidato cha nne nilimaliza kwa daraja ambalo hatutalitaja hapa, na kazi yangu ni kusimama nyuma kwenye gari la watalii la Sebastian tukishuka kreta, lile shimo kubwa la wanyama, nimwone mnyama kabla mgeni hajamwona. Sebastian anaendesha na kuongea Kiingereza, mimi naona. Nimeshika kamera ndefu kama mchi wa kinu. Nimewasha jenereta ya kambi ambayo fundi wa Arusha aliisusa. Kwa hiyo niliposikia kwamba pale zahanati ya misheni, njia ya Ganako, kuna daktari Mzungu amekuja na kofia ambayo ukiivaa unajikuta jikoni kwa watu Ulaya, nilicheka. Nikasema, hiyo kofia nileteeni mimi, nitaivaa huku natafuna muhindi.

Subirini tu.

Kofia yenyewe haikuwa yangu kuivaa. Ilikuwa ya mdogo wangu, Naomi.

Naomi alikuwa kidato cha tatu, anakaa bweni. Alianza kwa kufunga na kikundi cha maombi cha shuleni kwao. Wenzake walifungua, yeye hakufungua. Aliporudi likizo ile ya Juni, mwaka 2005, mama alimshika mkono pale stendi na hakusema neno mpaka nyumbani. Sasa mama yangu ni mtu wa Machame, anauza vitenge sokoni. Akinyamaza yeye ni kama redio imezimika katikati ya taarifa ya habari. Mtoto alikuwa amebaki macho na magoti.

Tukapima minyoo. Tukapima taifodi. Tukapima kifua. Na kwa kuwa miaka ile mtu akikonda tu majirani wameshampa jina la ugonjwa, Mama Vumilia wa nyumba ya pili akaja na pole zake, kajifunga khanga mpaka kidevuni.

“Pole Mama Obed. Siku hizi hata watoto wadogo, jamani…”

“Hata watoto wadogo wanafanya nini, mama?” nikamuuliza.

“Aah, si hii baridi.”

Tukampima damu pia. Majibu yakaja masafi, na nina hakika mama alitamani kuyabandika mlangoni. Haikusaidia. Mama Vumilia alikuwa na wiki nzima akikaribishwa chai kwetu anasema ameshakunywa, na huyo ni mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akikataa chai.

Mwishowe muuguzi wa zahanati, dada Germana, akatuambia kuna ugonjwa wa kukataa chakula. Kichwa cha mtu kinauona mwili wake vingine, na sahani inageuka kuwa adui. Mama akauliza, “Wa kukataa chakula? Huku kwetu?” Germana akasema ndiyo, huku kwetu, na kwamba yule daktari aliyekuja kujitolea ndiyo kazi yake huko kwao. Atakuwepo mpaka mwisho wa Agosti. Lakini akasema na jambo la pili: kama uzito wa Naomi hautapanda kabla daktari hajaondoka, hakuna ujanja, atapelekwa hospitali kubwa Moshi, alishwe kwa mpira wa puani, na shule ndiyo basi kwa mwaka ule.

Naomi alisikia neno mpira akafunga mdomo kabisa, kama vile wangempitishia hapohapo.

Huyo daktari jina lake lilikuwa refu na lina herufi nyingi za kukwama kooni, kwa hiyo mji mzima ulimwita Mama Kofia. Tulipomwona mara ya kwanza mama alinikanyaga mguu. Mama Kofia mwenyewe alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia.

“Huyu,” mama akaninong’oneza kwa Kimachame, “ndiye atamfundisha mtoto wangu kula?”

Nami nilikuwa na yangu. Mama Kofia alikuwa mkweli kupita kiasi, na mtu mkweli kupita kiasi mimi nikishampa mkono nahesabu vidole vyangu. Alisema, Germana akitafsiri, kwamba mashine ile bado inajaribiwa hata kwao. Haponyi mtu nayo hapa. Anataka kwanza kujua kama mtu ambaye hajawahi kuiona atajisikia vizuri akiwa ndani yake, asipate kizunguzungu, asiogope.

“Kwa hiyo ni majaribio,” nikasema.

“Ni majaribio,” Germana akakubali.

“Kwa nini wasijaribu kwao? Huko hakuna vichwa?”

“Wamejaribu. Na wewe punguza mdomo, hapa ni zahanati.”

Wakamvalisha. Kofia ilikuwa kubwa, nyeusi, imeziba macho yote, na nyaya zinatoka kisogoni hadi kwenye kompyuta kama utumbo wa mbuzi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa blanketi. Kwenye skrini tuliona kile alichokuwa anaona yeye: jiko jeupe, safi kuliko altare, meza, na juu ya meza vyakula vya ajabu ajabu, chapati nene iliyomwagiwa vitu vyekundu, keki yenye ghorofa. Naomi alishika kitu kama gia ya gari, akawa anazunguka humo polepole. Hakuna aliyetokea. Hakuna hata sauti.

Nikamwangalia mdogo wangu, maana kazi yangu ni kuangalia. Mabega yake yalishuka. Tangu Juni mabega yale yalikuwa yamekaa karibu na masikio, na sasa yameshuka, hivihivi, mbele ya keki ya kuchora.

“Umejisikiaje?” Germana akamuuliza alipovuliwa.

“Vizuri,” Naomi akasema. Na alionekana vizuri kweli. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Njiani nikambana.

“Ulikula mle?”

“Mle hakuna kula. Ni kutembea na kuangalia.”

“Uliangalia mpaka ukashiba?”

“Obed, wewe ni mpumbavu.”

“Nauliza tu. Mtu akipita karibu na nyama choma, akivuta pumzi vizuri, njaa inapungua. Hiyo ni sayansi.”

“Ulipata ngapi kwenye sayansi?”

Nikaacha swali hilo lipite. Lakini nyumbani mama alipoweka mtori wa ndizi, Naomi aliuzungusha na kijiko mpaka ukapoa, akasema ameshiba. Mama akaniangalia. Nami nikamwangalia. Wote tulikuwa tunafikiri kitu kimoja: mtoto analishwa picha. Mzungu amemtengenezea chakula cha uongo chenye kushibisha uongo, anarudi nyumbani tumbo limejaa hewa, na sisi ndio tutamsindikiza Moshi.

Safari iliyofuata nikasema na mimi nataka kuvaa. Mama Kofia akafurahi sana. Alikuwa anawatafuta na wasioumwa pia, waseme walijisikiaje. Nikakaa kwenye kiti, nikakunja mikono ya shati. Mama na Naomi wamesimama ukutani.

“Muhindi uko wapi?” Naomi akauliza. Kumbe habari zilimfikia.

Wakanivalisha. Giza kidogo, halafu nikajikuta nimesimama mlangoni kwa watu.

“Hodi,” nikasema.

Kimya.

“Hodi wenyewe.”

“Obed,” ilikuwa sauti ya Germana, inatoka sijui wapi, kama ya malaika aliyechoka, “nenda mezani.”

“Siwezi kwenda mezani. Hawajasema karibu.”

“Nani?”

“Wenye jiko.”

“Hakuna wenye jiko. Songa mbele.”

Nikasonga, lakini moyo haupo. Nikafika mezani. Chakula kimejaa, hakuna mtu. Nyumba ambayo chakula kimepakuliwa, mwenyewe haonekani, wewe ungeionaje? Nikageuka haraka kuangalia nyuma yangu, kama ninavyogeuka kreta nikisikia ndege wanashtuka. Kichwa changu kikafika, jiko likachelewa, likanifuata baadaye. Tumbo likapanda kama gari lililopiga shimo barabara ya Seneto ya kushukia kreta.

“Maji ya kunawa yako wapi?” nikauliza, nijipe muda.

Nikasikia mtu anapaliwa na kicheko. Nikanyoosha mkono nijishikize kwenye meza. Meza hakuna. Nilianguka na kiti chote, kofia ikavutwa na nyaya zake, na dada Germana aliwahi na beseni lakini hakuwahi vya kutosha. Viatu vyake vilikuwa vyeupe.

Nilipofumbua macho, Mama Kofia alikuwa ameinama juu yangu, anaongea taratibu. Germana alikuwa anajifuta.

“Anauliza umejisikiaje.”

“Vizuri,” nikasema.

“Nimwambie vizuri?”

“Mwambie vizuri, ila jiko lao limejengwa kwenye mteremko.”

Naomi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, anacheka mpaka machozi. Mama alikuwa hamwangalii mwanawe wa kiume aliyelala na matapishi kidevuni. Alikuwa anamwangalia Naomi, kama mtu aliyesikia hodi ya mtu aliyedhani amesafiri.

“Alikuwa anasubiri kukaribishwa,” Naomi akasema, akijifuta macho. “Dada Germana, mtafsirie daktari. Obed alikuwa anasubiri kukaribishwa. Mimi hicho ndicho ninachokipenda mle. Hakuna anayekaribisha.”

“Sasa kukaribishwa kuna ubaya gani?” mama akauliza.

“Mama, nikikaa mezani mnanizunguka kama magari kwenye simba. Nikiinua mkono mnanyamaza. Nikiushusha mnapumua. Nikimeza mnatazamana. Nani anaweza kula hivyo?”

Na mimi, ambaye kazi yangu ni kulielekeza gari hapohapo kwenye simba, niliona ni wakati mzuri wa kujifuta kidevu.

Germana akatafsiri. Mama Kofia akauliza kama vile vyakula vya mezani vilimtisha. Naomi akasema hapana, havijui, vingemtishaje? Angetishwa na ugali wa mama. Yule Mzungu akaangalia keki yake ya ghorofa pale kwenye skrini kama mtu aliyebeba begi zito safari nzima halafu akakuta ndani amefunga nguo za mtu mwingine.

Kisha akabonyeza bonyeza, vyakula vyote vikafutika. Likabaki jiko tupu. Akamwambia Germana neno, Germana akaenda kuchukua makande yake ya mchana. Wakamvalisha Naomi kofia, wakampa bakuli mikononi na kijiko.

“Na sisi?” mama akauliza.

“Geukeni.”

Tukageuka, mama na mimi, nyuso ukutani kama watu wanaopigwa eksirei. Muda mrefu hakukuwa na sauti isipokuwa jenereta. Halafu tukasikia kijiko kinagusa bakuli. Halafu tena. Mama akanishika mkono, kucha zikaingia.

Usifikiri baada ya hapo nilitulia. Mtu anayekula akiwa amezibwa macho, huyo anakula au anarogwa? Lakini zile siku za kofia zilienda. Makande kidogo, siku nyingine ndizi, siku nyingine kukataa kabisa. Mama Kofia kila mara anauliza yaleyale: kichwa kinazunguka? Macho yanauma? Unataka tutoe? Na Naomi anasema aachiwe kidogo.

Halafu vumbi la Agosti likaja. Wa Karatu wanalijua, lile jekundu linaloingia hata kwenye yai. Likaingia kwenye kompyuta. Ikatoa sauti ya mtu anayesaga karanga, ikazima, na hata mimi na historia yangu ya jenereta sikuweza kuiwasha. Kofia ikabaki kofia. Mama Kofia alisikitika, lakini akasema labda mashine imeshatuambia iliyotaka kusema. Jengeni jiko lile nyumbani. Chakula kiwekwe, mlango ufungwe, asitazamwe, asiulizwe, na asikaguliwe sahani.

“Mtoto wangu ale peke yake gizani kama mchawi?” mama akang’aka.

“Si gizani, mama,” Naomi akasema. “Jiko la nje lina mwanga.”

Mama alilia njia nzima. Kwao Machame kumwachia mtu chakula chake peke yake ni kumfukuza. Lakini alikubali, na akaniteua mimi kuwa mlinzi wa sheria, na niseme ukweli, niliifanya kazi hiyo kwa ukali. Mama Vumilia alipovuta shingo juu ya uzio, nilimwambia kuna kipimo cha damu cha watu wanaochungulia. Sebastian alipokuja kunichukua na kuuliza kwa sauti, “Dogo amekula leo?” nilimtoa nje mpaka kwenye gari lake.

Kupima uzito kukaja. Umepanda. Si sana, Germana akasema, lakini umepanda. Ukipanda tena Ijumaa, habari za Moshi zimekwisha, anarudi shule. Mama akapiga kigelegele palepale kwenye mizani.

Mimi sikupiga. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona Naomi bombani anakunywa maji, na kunywa kwenyewe kulikuwa kwa ngamia. Maji yana uzito. Na kuna mbwa wetu, Fogo. Tangu jiko la nje lianze, Fogo alikuwa analala mlangoni pake, na manyoya yake yalikuwa yameanza kung’aa. Mbwa wa Karatu hang’ai bila sababu. Nilimweleza Sebastian tukiwa kreta, mbele ya kundi la nyumbu.

“Kwa hiyo unamshuku mgonjwa na mbwa,” akasema.

“Nashuku ushirikiano wao.”

“Tafuta faru, Obed. Wageni wamelipa.”

Nikatafuta faru, sikumwona, maana nilikuwa naona sahani. Niliona Ijumaa, mizani, mama anafunga begi la Moshi. Kama mtoto anatudanganya, ni bora nijue mapema kuliko mizani ituambie mbele ya watu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na hoja ilikuwa nzuri sana, niliisikiliza mpaka nikashawishika.

Alhamisi mchana mama alikuwa sokoni. Naomi akajipakulia ugali na mboga ya majani, akaingia jikoni, akafunga mlango. Fogo akajipenyeza naye. Nikasubiri kidogo. Kisha nikavua ndala, nikazunguka nyuma.

Jiko letu ni la mabanzi, na kati ya banzi na banzi kuna nyufa za kutosha hata mtu mwenye macho ya kawaida. Nikapanda juu ya rundo la kuni, nikaweka jicho.

Alikuwa ananawa. Akakaa kwenye kigoda, sahani mapajani. Kwa muda hakufanya kitu. Kisha akamega tonge, akalifinyanga, akalishika hewani. Fogo akainua kichwa. Naomi akamwangalia mbwa, mbwa akaliangalia tonge, na mimi nikawaangalia wote wawili, nikajisemea moyoni, haya, nimewakamata.

Akalichovya kwenye mboga. Akalila yeye.

Alitafuna taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akameza. Akapumzika, mkono kifuani, uso umekunjamana, nikadhani ndiyo mwisho. Akamega lingine. Hilo likawa gumu zaidi, alilishika mpaka nikaanza kuumwa shingo, lakini likaenda nalo. Na lingine. Fogo alikata tamaa akalaza kidevu chini. Macho yangu yalikuwa yanawasha; jiko lile lina moshi hata kama halijawashwa.

“Obed.”

Niligeuka, nusura nishuke na kuni zote. Dada Germana alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na baiskeli yake, viatu vyeupe vimefutwa vizuri.

“Dada! Karibu. Natafuta yai.”

“Juu ya kuni?”

“Kuku wetu wa kisasa. Wanataga ghorofani.”

“Yai uliliona likiwa ndani ya jiko?”

“Nilisikia… kuku amelia upande huo.”

“Mimi nilikuja kuwakumbusha kesho msichelewe,” akasema, hasogei, hapunguzi sauti. “Nimesimama hapa muda mrefu, Obed. Nilitaka nikuite, nikaona nikuache kwanza. Hebu niambie kitu kimoja. Yai unalitafuta kwa macho. Sasa mbona ulikuwa unatafuna?”

Nikajishika taya. Lilikuwa bado linakwenda.

Ndani ya jiko kigoda kikakwaruza sakafu, na sauti ya Naomi ikapita kwenye mabanzi, imejaa ugali.

“Dada Germana, mwambie asogee. Ananizibia mwanga tangu nilipoanza kunawa, na bado sijamaliza.”